Ile wiki moja anayoulizia mdadisi

Kila zikitoka takwimu za kazi kuna watu wanachukua jedwali moja tu, wanalituma kwenye magrupu, halafu maneno yanaanza, Waafrika tija ndogo, Watanzania tija ndogo, na sisi Wazanzibari ndo kabisa, tunakaa barazani tunakunywa kahawa wenzetu wanajenga nchi zao. Maneno haya yananiuma. Mie nimezaliwa Pemba, upande wa Micheweni, nimesomeshwa kwa pesa ya mwani, najua mama yangu na mama zangu wadogo walitoka saa ngapi nyumbani na walirudi saa ngapi na migongo yao ilikuwaje wakirudi. Kwa hivyo leo nataka niandike hizi namba zinatengenezwaje, kwa sababu naona wanaozitumia kututukania wengi wao hawajui zinatoka wapi, na sisi tunaotukanwa hatujui tujibu nini.

Tuanze na saa zenyewe. OECD, ile jumuiya ya nchi nyingi zenye uchumi mkubwa, inatoa wastani wa saa anazofanya kazi mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka 2022 Mexico ilikuwa juu ya saa 2,200, Ujerumani kama 1,340 tu. Yani Mmexico alifanya kazi zaidi ya saa 800 kumzidi Mjerumani katika mwaka huo huo mmoja, na bado saa moja ya Mjerumani inahesabiwa kuzalisha thamani zaidi ya mara tatu ya saa moja ya Mmexico. Kwa hivyo yule anayesema nchi tajiri zimetajirika kwa sababu watu wake wanakaa kazini muda mrefu kuliko sisi, aangalie tena. Shirika la Kazi Duniani, ILO, linasema zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa dunia wanapita saa 48 kwa wiki, na hizo 48 ndo kiwango kilichowekwa kwenye mkataba wao wa kwanza kabisa wa mwaka 1919. Miaka zaidi ya mia imepita. Wengi wa hao wanaopitiliza wako kwenye nchi zinazoendelea.

Na hata hiyo 1,340 ya Ujerumani usiichukue kama ilivo ukadhani kila Mjerumani anatoka ofisini saa saba mchana, kule kuna watu wengi wanaofanya kazi nusu siku, hasa wanawake, na wao wanauvuta wastani chini. Wastani una tabia hiyo, unakupa mtu mmoja ambaye hayupo popote.

Sasa tija. Tija ya kazi ni hesabu ya kugawa, hakuna uchawi. Juu ya mstari unaweka thamani ya kilichozalishwa, kwa kawaida pato la taifa, chini ya mstari unaweka idadi ya wafanyakazi au jumla ya saa walizofanya. Ukigawa unapata namba. Hiyo namba haimuulizi mtu kama amechoka, haimuulizi kama anajituma, wala haina njia ya kujua uvivu. Inajua vitu viwili tu, cha juu na cha chini, na vyote viwili vinaweza kuwa na kasoro, kwa hivyo tuvitazame kimoja kimoja.

Nianze na cha chini, saa, kwa sababu hapa ndo nna la kusema zaidi.

Ukija utafiti wa nguvu kazi, mdadisi anapita nyumba zilizochaguliwa na kuuliza mambo mengi, lakini swali la msingi ni hili, katika siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja? Ukisema ndio, wewe una ajira. Saa moja tu inatosha. Huo ni utaratibu wa dunia nzima, haukubuniwa hapa, na una sababu yake, wanataka kila tone la kazi lihesabiwe ili lilingane na pato la taifa. Halafu anauliza saa ngapi kwa wiki hiyo. Kwa mtu wa ofisi swali jepesi sana. Mie siku hizi nafanya kazi hotelini Unguja, upande wa mashariki, shifti zangu zimeandikwa, ovataimu imeandikwa, ukiniuliza wiki iliyopita saa ngapi nakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kamuulize mama sasa.

Kwa wasiojua, mwani wa kulimwa ulianza hapa visiwani kibiashara mwaka 1989, na kwa muda mwingi wakulima wake wengi sana wamekuwa wanawake. Mwani haufuati Jumatatu mpaka Ijumaa, unafuata mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu yanakuja maji ya bamvu, bahari inakupwa mbali, na huko kwetu maji ya bamvu yanakupwa kuanzia asubuhi kuelekea mchana, basi hapo ndo wanawake wanaingia, wanapigilia vigingi, wanafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba, wanang'oa majani mabaya, wanavuna, wanabeba viroba vimejaa maji na chumvi mpaka juu kwenye mchanga. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hivyo na saa ya kutoka nyumbani inasogea kila siku, na kupika kunasogea, na kumpeleka mtoto skuli kunasogea, maisha ya nyumba nzima yanasogea. Baada ya siku kadhaa bamvu linakwisha, yanaingia maji mafu, bahari haikupwi vya kutosha, huingii shambani hata ukitaka. Halafu bamvu jengine.

Mdadisi akija wiki ya maji mafu akamuuliza mama, siku saba zilizopita ulifanya kazi ya mwani saa ngapi, jawabu linaweza kuwa saa sita, saa nane, alikuwa akianika tu na kufunga taitai barazani. Akija wiki ya bamvu atapata namba nyengine kabisa. Mtu atanambia, na ni kweli, utafiti ukisambazwa mwaka mzima basi wengine wataulizwa kwenye bamvu na wengine kwenye maji mafu, mwishoni wastani wa wote utakaa sawa. Naam, wastani utakaa sawa. Lakini mtu mmoja mmoja anawekwa kwenye fungu lake kwa ile wiki moja aliyoulizwa. Kwenye takwimu za Tanzania aliyefanya kazi chini ya saa 40 kwa wiki na yuko tayari kuongeza saa anahesabiwa ana upungufu wa kazi. Mama aliyeulizwa wiki ya maji mafu anaingia fungu hilo, mwenzake wa nyumba ya pili mwenye kamba zilezile kwenye bahari ileile, aliyeulizwa wiki ya bamvu, haingii. Halafu mtu wa mipango anakaa mezani kutafuta ni watu gani hao wenye upungufu wa kazi, wana umri gani, wana elimu gani, wanahitaji mafunzo gani, na kinachowatofautisha hao wawili ni mwezi tu.

Tena katika wiki hiyo ya maji mafu huyo mama hakukaa. Kalima muhogo, kasuka ukili, kachota maji, kakata kuni, kapika. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui na mie naona ni kubwa. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi duniani walikutana Geneva kwenye mkutano wao wa 19 wakabadilisha maana ya ajira. Tangu hapo ajira ni kazi ya malipo au faida tu. Anayelima muhogo wa kula nyumbani kwake anahesabiwa kuwa anafanya kazi, lakini haiitwi ajira, inawekwa kwenye fungu lake pembeni. Mie siupingi moja kwa moja mgawanyo huu, una faida yake, zamani mtu mwenye kijishamba cha kujilisha alikuwa anaandikwa ana ajira na serikali zinajisifu ukosefu wa kazi uko chini wakati watu wana njaa. Lakini tazama kinachotokea kwenye tija. Muhogo ule ule wa kula nyumbani, kwa kanuni za pato la taifa, thamani yake inaingizwa juu ya mstari. Saa zake, kwa kanuni ya 2013, hazimo kwenye saa za ajira chini ya mstari. Asiyekuwa mwangalifu anagawa vitu ambavyo havikuja pamoja. Na kupika, kulea, kuuguza wazee, hivyo havimo juu wala chini, havimo kabisa, na ndivyo vinavyokula siku ya mwanamke wa Pemba kuanzia alfajiri.

Kuna watafiti walifanya jaribio hapahapa Tanzania, kazi ilochapishwa na Benki ya Dunia, wakachukua watu wanaofanana wakawagawa, wengine wakaulizwa maswali marefu ya kina kuhusu kazi, wengine mafupi, na pia wengine wakajibu wenyewe, wengine wakajibiwa na mtu mwengine wa nyumbani. Basi kiwango cha ushiriki kwenye kazi kilitofautiana mpaka pointi 10 za asilimia kati ya makundi, nchi ileile. Maswali yakiwa mafupi wanawake wengi wanapotea kwenye hesabu, maana mtu ukimuuliza unafanya kazi anasema hapana, niko nyumbani, mpaka umuulize kwa jina, mwani je, dagaa je, kuku je, maandazi je. Hilo nililitegemea. Lililonishangaza ni hili, kujibiwa na mtu mwengine hakukuwapunguza wanawake, kuliwapunguza wanaume, na sababu kubwa kazi zao za shamba zilisahauliwa na anayewasemea. Nitalirudia hili chini.

Utafiti mwengine, huu ulifanywa mkoa wa Mara, walilinganisha wakulima walioulizwa saa zao kila wiki msimu mzima na wale walioulizwa mara moja tu baada ya mavuno. Walioulizwa baada ya mavuno walitaja mpaka mara nne ya saa kwa kila mtu kwa kila shamba. Na wakati huohuo walisahau baadhi ya mashamba na baadhi ya watu waliofanya kazi, kwa hivyo makosa mawili yakawa yanazibana. Mara nne jamani. Tija ni kugawa, ukikosea mara nne saa za mtu mmoja kwenye shamba moja chini ya mstari, namba unayotoka nayo ya mtu huyo ina maana gani?

Tena kuna utafiti mwengine uliochukua data za Ethiopia, Malawi, Uganda na Tanzania ukagawa thamani kwa saa badala ya kwa kichwa, lile pengo kubwa ambalo kila siku linatajwa kati ya mkulima na mtu wa kazi nyengine lilipungua sana. Mkulima katika saa anazokuwa shambani hayuko nyuma kama tunavoambiwa. Kinachompungukia ni saa za kazi yenye malipo katika mwaka, kwa sababu mvua ina msimu wake na mazao yana msimu wake. Hilo ni tatizo jengine, na lina dawa nyengine, huwezi kulitibu kwa kumwambia mtu ajitume.

Sasa juu ya mstari, thamani. Hapa nitakwenda haraka kidogo.

Thamani ni kiasi mara bei. Tuchukulie mama kavuna kilo 100 za mwani mkavu na bei ni shilingi elfu moja kwa kilo, hiyo ni laki moja. Mwakani anavuna kilo zilezile, kwa saa zilezile, mnunuzi anatoa mia tano. Mfukoni imebaki elfu hamsini. Lakini pato halisi linapigwa kwa bei za mwaka mmoja wa kizio, kwetu Zanzibar zimekuwa zikitumika bei za 2015, kusudi kupanda na kushuka kwa bei kusichanganye hesabu. Kwa hivyo kwenye jedwali la ukuaji tija ya mama haikushuka hata kidogo, iko palepale, na nyumbani watoto wanakula mlo mmoja. Namba haijasema uongo. Imejibu swali lake, na swali lake halikuwa maisha ya mama.

Upande wa pili, ukilinganisha sekta na sekta ndani ya mwaka mmoja, bei ndogo ya mwani inamfanya mkulima wa mwani aonekane mtu wa tija ndogo mno. Mwani huo huo unasafirishwa ng'ambo, unatolewa ndani yake ule ute wa kugandishia, karajini, unaingia kwenye dawa za meno, aiskrimu, nyama za makopo, na mfanyakazi wa kiwanda cha kule anahesabiwa tija kubwa sana kwa saa. Ana mashine, ana umeme usiokatika, ana bidhaa ya mwisho. Anastahili hesabu yake, simuonei wivu. Lakini aliyesimama majini mpaka kiunoni na jua la saa tano kichwani, saa yake haikuwa nyepesi kuliko ya huyo. Akina mama wa Kidoti, Unguja, wamekuwa wakitengeneza sabuni ya mwani, na hapo ndo utaona tija inavopanda bila mtu kuongeza jasho lolote baharini, thamani imebaki kijijini badala ya kuondoka na kiroba. Tunazungumza sana uchumi wa buluu siku hizi na mie nafurahi, ila uchumi wa buluu nnaoutaka mie ni huo wa sabuni na viwanda vya kusarifu, ukifuatana na boti ndogo za kuwafikisha wanawake kwenye maji ya kina, maana kule karibu na ufukwe maji yanapata moto na ule mwani wenye bei nzuri, kotonii, unakufa.

Na kwa wale wanaodhani tija ni tabia ya mtu, watazame utalii. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii 538,264. Mwaka 2020, korona, wakaja 260,644. Chini ya nusu. Wapishi walikuwa walewale, wahudumu walewale, madereva walewale, wanajua kazi zao vilevile. Waliobaki kazini walikaa wanangoja wageni ambao hawakuja, thamani kwa kila mfanyakazi ikaanguka. Hakuna aliyegeuka mvivu mwezi wa tatu 2020. Halafu mwaka 2023 wakaja 638,498, watu walewale wakaonekana hodari. Wenzetu wa Ireland mwaka 2015 pato lao lilitangazwa kukua kwa asilimia 26, kwa sababu kubwa ya makampuni makubwa ya kigeni kuhamishia mali zao za hakimiliki kule kwenye vitabu, basi kwa karatasi kila mfanyakazi wa Ireland akawa shujaa kwa mwaka mmoja, wao wenyewe wakaona haiwezekani, wakatengeneza kipimo chengine cha pato kisichobeba hayo. Sisi nasi kwenye hoteli zetu nyingi mwenye mali yuko nje, faida inahesabiwa hapa na inakwenda huko. Ningependa sana na sisi tuwe na kipimo kinachoonesha kilichobaki.

Sitaki mtu afahamu kwamba nazikataa takwimu. La. Bila hizo huyo mama hayupo kabisa, hakuna bajeti itakayomfikia. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wanafanya kazi ngumu, wadadisi wanatembea shehia kwa shehia juani, na tafiti hizi za nguvu kazi zimekuwa zikichukua na swali la matumizi ya muda, yani siku nzima ya mtu inaandikwa saa kwa saa, pamoja na kupika na kulea. Jedwali hilo ndo ninalolipenda kuliko yote na ndo hakuna anayelituma kwenye magrupu. Nnachoomba ni kwamba kwenye visiwa hivi dodoso liwe na nafasi ya kuandika kama wiki ile ilikuwa bamvu au maji mafu. Tarehe wanayo, kalenda ya mwezi ipo, si gharama hata kidogo, na wachambuzi wakitoa saa za Pemba wazitoe kwa hivyo viwili mbalimbali, kama wanavotoa mjini na shamba.

Na sisi tunaoulizwa tusiseme "niko nyumbani tu". Taja yote, mwani, ukili, maandazi ya asubuhi, kuku, karafuu ulizochambua kwa malipo, hata kama ni saa mbili. Na ukiulizwa habari za mumeo au kaka yako naye hayupo, kumbuka lile jaribio nilosema, wanaume ndo wanaopotea tukiwasemea. Mtu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi huko Pemba, yuko dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, mwezi wa pili huu hajarudi, mdadisi anauliza wiki iliyopita alifanya kazi saa ngapi na wewe unasema sijui, labda kidogo. Mpigie simu palepale mbele ya mdadisi, kama mtandao upo huko aliko aseme mwenyewe, alitoka saa ngapi usiku, alirudi saa ngapi, nyavu alishona siku gani, maana kushona nyavu na kukwangua chombo nako ni kazi na wengi hawaitaji.